Pikapu Yangu na Celica ya Mzee Semboja

Leo nimeadhirika. Tena si kwa siri. Mbele ya mke wangu, birika mkononi, na nusu ya Makorora imesimama inatazama.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi bodi. Gari ikigongwa, ikibonyea, ikipinda, inaletwa kwangu. Gereji yangu iko hapa Makorora, na ng'ambo ya barabara kuna gereji ya Faki. Faki ni Mpemba, mrefu, mpole, maneno yake machache. Nina wivu naye. Nasema mapema ili tusisumbuane kwenye maoni.

Wivu wenyewe umekomaa kwa sababu ya gari ya Mzee Semboja. Mzee ni mwalimu mstaafu, na ana Celica nyekundu ya zamani, milango miwili, iko chini chini, taa za mbele ni zile za kufumba na kufumbua. Akiiendesha anakuwa kijana wa miaka ishirini. Basi akaigonga kwenye mnazi kule Mwera, akitokea Pangani (anasema alikuwa anamkwepa mbuzi, mbuzi hajahojiwa). Ikaletwa kwangu kwanza. Nikaizunguka. Pua inatazama Pangani, makalio yanatazama Horohoro, taa moja imekodoa, nyingine imefumba.

"Mzee," nikamwambia, "chesisi hii, mgongo wote wa gari, haivutiki tena. Uza chuma chakavu."

Mzee akanitazama kama nimemwambia akamzike mkewe naye yu hai. Akaivusha barabara, akampa Faki. Faki akasema, "Tutajaribu, inshaallah."

Mimi nikatangaza kwa kila mwenye masikio: ikinyooka ile Celica, naacha ufundi, nauza karanga. (Mdomo huu jamani!)

Sasa mke wangu. Mama Rehema anapika chapati na maharage ya nazi, asubuhi anawazungukia mafundi kuwauzia. Siku hizi akifika kwa Faki anakawia. Na akirudi, anarudi na elimu.

"Baba Rehema, kumbe chesisi inapimwa kwa uzi! Unavuta kutoka kona hii mpaka kona ile, halafu unakwenda kona nyingine. Zikilingana ndiyo imenyooka!"

Kumbe? Mama Rehema! Miaka yote hii ulidhani naenda gereji kupunga nzi?

"Na Faki ana subira," akaendelea. "Anaivuta kidogo, anaiacha ipumue, anaivuta tena."

Nikaacha kula. Na hapo sijawaambia habari ya chapati. Faki anapewa zile za katikati ya rundo, zilizohifadhi joto. Mimi mume wa ndoa napewa ya juu, iliyopigwa upepo mpaka ikakakamaa. Nimefuatilia. Sijabuni.

Basi leo asubuhi ndiyo ilikuwa mvuto wa mwisho wa Celica. Niwaeleze kidogo, maana huku kwetu hatuna mashine za kunyooshea. Tunachimbia nguzo ya chuma ardhini, tunafunga winchi ya mnyororo kwenye nguzo, mnyororo unaishika gari puani. Nyuma lazima pawe na kitu kizito cha kuizuia, la sivyo gari nzima inasogea na hainyooki hata kidogo. Faki aliahidiwa lori la mchanga limshikie nyuma. Lori halikuja. Dereva akipigiwa simu hapokei.

Mzee Semboja amekaa juu ya tairi, ameshika tama. Mimi niko ng'ambo, nachungulia, roho yangu baridiii. Ningebaki pale pale kwangu leo ningelala na heshima zangu.

Lakini mama Rehema akaweka birika chini, akasema kwa sauti ya huruma, "Masikini Faki!"

Masikini Faki! Mimi nilipoungua mkono na moto wa kuchomelea, alisema, "Si ungeangalia."

Nikaingia kwenye pikapu yangu. Nikaivusha barabara kinyumenyume, vumbi, honi, kila kitu. Nikashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Faki! Funga mnyororo hapa nyuma. Hii pikapu inashikilia meli."

Faki akainama, akaichungulia chini. "Ahsante yakhe, lakini mie nangoja lori. Hii chesisi yako si ilikatika ikaungwa?"

"Niliiunga mwenyewe!"

"Ndo maana nauliza."

(Mmeona? Halafu watu wanasema ni mpole.)

Mama Rehema anatazama. Mzee anatazama. Nikasema funga, mimi najua kazi yangu. Faki akapumua, akafunga.

"Haya. Lakini wewe kazi yako kushika breki tu. Usivute. Mie ndo n'tavuta, kidogo kidogo."

Nikaketi kwenye usukani kama rubani. Faki akaanza na winchi. Mnyororo ukakaza. Chuma kikalia. Akasimama, akapima kwa uzi, akarudi kwenye winchi. Mzee Semboja amesimama sasa, midomo inamchezacheza, nadhani anaomba dua. Kwenye kioo cha pembeni naona pua ya Celica inajirudi, kidogo, kidogo. Inakuja kweli! Ile niliyosema haivutiki! Nikaanza kuzinusa karanga.

"Vuta Faki!" Ni sauti ya mama Rehema hiyo. "Vuta, inakuja!"

Tangu anioe... samahani, tangu nimuoe, hajawahi kunishangilia nikiwa kazini. Hata mara moja. Halafu nikamwona anammiminia Faki chai, na mimi niliyeleta pikapu hata kuulizwa sijaulizwa. Nikasema kama lazima inyooke, basi ijulikane imenyooshwa na nani.

Nikaingiza gia namba moja. Nikaachia breki. Nikakanyaga mafuta.

Kraaa!

Nawaambia ukweli, nilidhani ni Celica imekatika, na nikafurahi. (Mungu anisamehe.) Kisha nikagundua siioni barabara. Naona waya za umeme. Naona kunguru. Pikapu imevunjika mgongo, kichwa kimeinuka kinatazama juu, na mimi ndani yake nimelala chali kama niko kwa kinyozi.

Mlango haufunguki. Nikasukuma, wapi! Ikabidi nitokee dirishani, kichwa kwanza, kitambi kikagoma, watu wakaanza "pole pole, taratibu." Mikono miwili ikanidaka kwapani, ikanivuta, ikanibeba kabisa, miguu yangu inaning'inia. Nikageuka nione ni nani.

Faki.

Akaniweka chini taratibu kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wala hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja kwenye Celica na uzi wake. Akapima kona hii na kona ile. Akahamia kona nyingine. Akarudia.

"Mashaallah," akasema. "Imekaa."

Na ile taa iliyokuwa imefumba tangu Mwera, ikafumbuka polepole, yenyewe. Jamani, gari ilinitazama.

Vigelegele vikapasuka. Nani anapiga? Mama Rehema! Pikapu ya familia imelala mgongo umevunjika, ile iliyombebea kabati siku tunahamia, na yeye anapiga vigelegele!

Mzee Semboja akanijia, macho yamelowa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, mimi nilikudhania vibaya. Nilisema huyu hanitakii mema. Kumbe umevunja gari yako kwa ajili ya gari yangu!"

Watu wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja akasema, "Huo ndio utu." Mimi nikaona mlango umefunguka, nikapita. Nikainamisha kichwa kidogo, nikasema, "Si kitu mzee. Sisi mafundi tunasaidiana."

Hapo ningepona. Nilikuwa nimepona kabisa.

"Baba Rehema," mke wangu akaita. "Faki si alikwambia ushike breki?"

"Mguu uliteleza."

"Uliteleza ukaingiza na gia?"

Mtu mmoja nyuma akashindwa kuzuia kicheko, na alipoanza yeye wote wakaanza. Mwenye duka la vipuri alikaa chini kabisa. Mwingine akauliza karanga zitakuwa mbichi au za kukaanga. Mzee Semboja akauachia mkono wangu kidole kimoja kimoja.

Faki peke yake hakucheka. Angecheka ningepata pa kumchukia. "Mwacheni," akasema. "Nguzo ipo, mnyororo upo. Hii nayo tutainyoosha hapa hapa." Akapiga magoti, akachungulia pale nilipounga mwenyewe. Akaangalia kwa muda. Akanyanyuka, akakung'uta suruali, akatikisa kichwa.

Pikapu haisogezeki, kwa hiyo iko kwake. Na mimi niko kwake pia, nimekaa kwenye kivuli cha mabati yake nawaandikia nyinyi, maana ng'ambo kwangu kumejaa watu waliokuja kunipa pole huku wameziba midomo.

Sasa hivi mama Rehema amekuja kukaa karibu yangu. Amesema, "Si ungeniambia tu?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba unaona wivu."

"Nani? Mimi?"

Ameitazama pikapu. Amenitazama mimi. Amenimiminia chai, amenishika bega, amekwenda zake anacheka peke yake.

Nawaombeni msicheke, nina mke na mtoto. Isitoshe hapa kilichokatika ni chesisi tu, wivu wangu uko mzima kabisa.