Nilivyopita Kati ya Nguzo Mbili

Jumatatu, 12 Mei

Profesa Reolon, mwalimu wetu wa historia ya sanaa, ametugawia majengo ya kueleza tukienda Venezia Alhamisi. Kila mwanafunzi dakika kumi, papo hapo mbele ya jengo lake, bila karatasi. Ottavia Sommacal, kipenzi cha walimu, kapewa daraja la Rialto. Mimi nimepewa zile nguzo mbili za uwanja wa Mtakatifu Marko, ukingoni mwa maji. Nguzo! Hata paa hazina.

Historia ya sanaa nina tano kwa kumi, na ya kufaulu ni sita. Nikipata sita, kiangazi chote niko ufukweni Jesolo kwa mjomba. Nikikosa, nabaki hapa Belluno na vitabu hadi mtihani wa marudio mwishoni mwa Agosti, nikisimamiwa na shangazi Delfina. Mama kaniuliza nitaanza kusoma lini. Nimemjibu kwamba mwenye akili hasomi, anapanga. Kaondoka akitikisa kichwa.

Jumatano, 14 Mei

Mpango umeiva. Treni ya kurudi ni saa kumi na nusu. Tusipofika kwenye nguzo, hakuna maelezo. Bila maelezo hakuna alama mbaya, na profesa ana huruma, sita haitamshinda. Kwa hiyo darasa lazima lipotee. Venezia watu hupotea wenyewe, sembuse wakiongozwa na mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Ottavia kashika ramani tangu stesheni, kanyoosha mkono juu kama askari wa barabarani. Pale Rialto kaeleza kwa dakika kumi kamili, hakukohoa hata mara moja. Kapata tisa. Nikampigia makofi kwa ncha za vidole.

Baada ya mikate ya mchana nikaiomba ramani. Ottavia alikataa, akasema mimi hata chooni shuleni napotea. Profesa akaamua nipewe nafasi. Nikaikunja ramani, nikaitia mfukoni. Kila kibao kilichoelekeza kwa Mtakatifu Marko, nikakipa mgongo. Tukavuka madaraja tisa. Mara mbili tulifika mwisho wa uchochoro tukakuta maji. Rafiki yangu Nevio akalalamika kuhusu miguu, profesa akaangalia saa. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Uchochoro wa mwisho, mwembamba kuliko yote, ukafunguka ghafla. Bahari. Na nguzo zangu zote mbili, hatua hamsini mbele yetu.

Profesa akanishika bega, akasema hakuwahi kuijua njia hiyo ya mkato, hongera. Ilikuwa imebaki saa nzima.

Nikasimama mbele ya darasa. Nikasema nguzo ni mbili. Juu ya moja yuko simba mwenye mabawa. Juu ya nyingine yuko bwana mmoja na mamba wake. Zikawa zimepita sekunde thelathini. Profesa akaniuliza kwa nini wenyeji huzizunguka, hawapiti katikati. Nikajibu ni uvivu tu wa mazoea. Ili waone, nikapita katikati, mikono nimeitanua, nikageuka, nikarudi.

Wote wakatafuta chuma cha kugusa ili mkosi usiwapate: funguo, vifungo vya mikanda, mlingoti wa taa. Nevio akagusa mahali ambapo sitapataja kwenye daftari hili.

Bibi mmoja aliyekuwa akivuta kikapu chake cha magurudumu akasimama. "Mwanangu, hapo walikuwa wakiuliwa wahalifu," akaniambia. "Mimi nina miaka themanini na moja, sijawahi kupita. Wewe kwenu hawakukufundisha?" Kisha akaeleza habari zote za nguzo, darasa zima likamsikiliza. Profesa akasema bibi huyo angekuwa mwanafunzi wake angempa kumi. Mimi nimepata nne.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekuwa nuksi rasmi. Jumatano kuna jaribio la Kilatini, na hakuna anayetaka kukaa karibu nami. Ottavia kasogeza dawati lake hadi dirishani, kaning'iniza kiatu cha farasi, cha chuma, kwenye kiti kufukuza mkosi. Nevio anaongea nami akiwa ameshika funguo. "Si kwamba naamini," ananiambia, "ila wewe kaa hukohuko." Nimewaambia wote ni washamba na sitamwomba mtu msamaha kwa kutembea.

Profesa kaniita pembeni. Ananipa nafasi ya pili: Ijumaa, kipindi cha pili, nguzo zilezile, darasani. Nikijibu vizuri, nimeokoka. Kanipa na kurasa za kusoma. Tatu tu, maandishi makubwa. Nimeziweka mahali salama.

Jumatano, 21 Mei

Kalamu imekauka katikati ya jaribio. Asubuhi mnyororo wa baiskeli ulikatika. Mashine ya kahawa ya shuleni imezimika nilipoisogelea, mashahidi wanne. Nimekaa nikafikiri sana, na naona aibu kwamba sikuligundua mapema. Ile nne haikuwa kosa langu. Nilikuwa nimeshapita kati ya nguzo! (Nne ilikuja baada ya kupita. Nimehakikisha.) Sasa mtu mwenye mkosi kama huu asome ili iweje?

Ijumaa, 23 Mei

Naandika nikiwa Venezia, nimekaa juu ya zile kurasa tatu kwa sababu ngazi zina umande. Nimekuja na treni ya kwanza. Aliyepita kwa mbele atajinasua na mkosi kwa kurudi kinyumenyume, hilo halihitaji kitabu. Saa tatu kamili nimepita hivyo mara saba, macho nimefumba. Watalii wamenipiga picha. Yule bibi alikuwa anapita na kikapu chake, akaniuliza mbona siko shuleni. Nikamwambia ni shule hasa iliyonileta.

Simu imelia nikiwa raundi ya tano. Profesa. Sikupokea, ningepoteza hesabu. Baadaye Ottavia kaniandikia kwamba darasa zima lilinisubiri robo saa, kisha profesa akafunga daftari la alama, nne yangu ikiwa ndani.

Wacha afunge. Nimejisikia mwepesi, mkosi wote umenitoka. Jumatatu naingia darasani kifua mbele, namwambia aniulize hata sasa hivi. Kurasa nimezitupa. Sina haja nazo tena.