Kijani cha Waombolezaji

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimeficha jambo, na sipendi kufa nalo: najua kwa nini mke wangu anataka sebule ipakwe kijani mpauko. Pudensiana anadai ni kwa ajili ya jubilei ya ndoa yetu, padri anakuja kubariki nyumba. Jubilei! Ijumaa daktari kaniongezea vidonge vya moyo. Jumamosi mke kaanza habari za rangi. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Kujumlisha najua.

Leo nimemsikia uani akimwambia Maduhu, fundi rangi, kwamba nyeupe hataki, watu wakiegemeza vichwa inachafuka. Watu gani huegemea ukuta sebuleni na makochi yapo? Waombolezaji tu! Makochi hutolewa nje, mikeka hutandikwa, akina mama huegemea ukuta hadi mazishi. Nyumba inaandaliwa msiba. Na marehemu bado anakunywa uji!

Jumanne, 11 Juni
Maduhu kapaka viraka nyuma ya mlango ili tuchague. Kimoja kama parachichi. Kimoja kama dawa ya meno. Kimoja kama mpunga mchanga wa kwetu Kibaoni. Hicho kizuri sana. Nikadai nyeupe.

Mara akaingia Nashon, jirani yetu, mstaafu wa reli. Hakuna aliyemwita. Akachagua hicho hicho cha mpunga! Eti, "Mwalimu, hiki kinapumzisha macho." Macho ya nani? Tangu afiwe na mkewe, kila nikizidiwa mimi, huyu hunyoa ndevu. Pudensiana akamletea chai ya maziwa. Mimi nilipewa ya rangi. Nimeliona hilo.

Alhamisi, 13 Juni
Makochi yametolewa mbele ya nyumba. Nilipinga. Maduhu akacheka: "Sasa babu, nipake na makochi humo humo?" Wamechagua kijani cha mpunga bila kura yangu.

Nina mpango. Nitawaonyesha kwamba hata kijani kinachafuka. Wakiona doa, watarudi kwenye nyeupe, na Pudensiana hawezi kuthubutu kuita msiba kwenye ukuta mweupe. Nahitaji mawese tu.

Ijumaa, 14 Juni
Aibu kubwa!

Asubuhi Maduhu alimaliza kupaka ukuta mara ya pili, akaenda kunywa chai. Mke alikuwa sokoni. Nikajipaka mawese kichwani, nikakaa sakafuni, nikaegemea. Doa safi, jekundu! Kisha vidonge vya moyo, ambavyo hunitia usingizi, vikafanya kazi yake. Usingizi ukanilaza pale pale.

Nashon akachungulia dirishani. Akaniona chini, kichwa chekundu. Akapiga yowe. Asiyesikia yowe aliona makochi nje, na hapa Nsemulwa makochi nje hayahitaji maelezo. Akina mama wakaja na mikeka, wakaketi, wakalia, wakaegemea. Rangi mbichi!

Pudensiana aliporudi hakulia. Aliinusa mikono yangu, akaenda kuchota ndoo ya maji, akanimwagia yote. Nikakaa. Mama mmoja alikimbia kwa kupitia dirishani. Wengine walirudi makwao na khanga za kijani mgongoni, na ukuta umebaki na mabaka kama ng'ombe.

"Baba Sixte," akasema, "ulitaka nitangulie mimi?" Nikamuuliza basi vichwa vya kuegemea ukuta ni vya nani. "Vya wajukuu zako! Wanakuja wote, na wamepakwa mafuta hadi masikioni!" Akanionyesha kitenge cha jubilei. Kijani cha mpunga. Kisha ndipo akalia, maana padri anakuja Alhamisi na ukuta hautazamiki.

Jumapili, 16 Juni
Maduhu karudia tena. Ukuta umependeza, naukubali. Pudensiana ananisemesha kidogo kidogo. Nashon kanyoa ndevu. Eti ni kwa ajili ya jubilei. Tutaona.

Nimemwambia Maduhu makochi yakae nje mpaka Jumanne, rangi ikauke. Imeshakauka. Lakini juzi wanakwaya wa kanisani hawakupata habari kwa wakati wakaja kuniimbia, na mke alimwaga maji kabla hajasema neno lolote juu yangu. Baada ya miaka hamsini ya ndoa mtu ana haki ya kulisikia.

Sasa naungama. Yowe la Nashon liliniamsha. Nilikuwa nafumbua macho aliposema mbele ya watu kwamba Mpanda haijapata mwalimu kama mimi. Akina mama wakaitikia. Nikasikia rangi ikibanduka na migongo yao, nikasikia na sifa.

Nikafumba macho tena.