Vidumu Viwili vya Mchanga

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanguka tena. Bafuni, kando ya ndoo. Hakuna aliyeona, ashukuriwe Mungu. Binti yangu Ekua akapiga simu kutoka mjini Tema, na mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia. Kasema nikianguka mara nyingine anafunga nyumba na kunihamishia kwake. Tema! Nikakae ghorofani kulinda televisheni yake? Nyumba hii nimeijenga kwa kuuza samaki wa moshi. Sitoki ng'o.

Alhamisi, 6 Machi
Sista Baaba, muuguzi wetu hapa Saltpond, ameanzisha mazoezi ya kunyanyua vizito kwa akina mama wazee, ukumbini kanisani. Anasema mifupa yetu imepungua nguvu na maziwa peke yake hayatoshi. Mfupa huimarika misuli inapofanyishwa kazi na uzito. Kila mmoja alete vidumu viwili vya mchanga. Ekua kasikia, kafurahi, kasema atakuja mwisho wa Aprili kunitazama. Nikiweza kunyanyua, nabaki kwangu. Nikishindwa, nafungasha.

Mchanga! Mimi Araba, mzee wa kanisa! Nimejaza unga wa muhogo, ule wa chenga uliokaangwa na mawese. Rangi ileile ya mchanga wa ufukweni, na mwepesi hata mtoto angeubeba. Wacha wenzangu wateseke.

Jumatatu, 17 Machi
Raha iliyoje! Nanyanyua huku napiga soga. Jirani yangu Twumwaa, mtunza ufunguo wa stoo ya vidumu, anatweta na vyake vidogo. Nikamwuliza kama huwa anakula. Akajibu kwamba siku hizi anakula vizuri kuliko ninavyodhani. Maringo ya nini sasa? Sista Baaba kaniita mfano wa kuigwa.

Alhamisi, 10 Aprili
Kuna jambo. Vidumu vinazidi uzito kila wiki! Nadhani unga unanyonya unyevu wa mvua hizi. Nivifungue mbele za watu niumbuke? Thubutu. Nimeuma meno, jasho mpaka kisiginoni. Twumwaa mashavu yamemjaa, sijui anapaka nini.

Ajabu nyingine: nimepanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Lazima mafundi wamezipunguza.

Jumamosi, 26 Aprili
Ekua kafika. Kakaa mstari wa mbele, mikono kifuani, uso wa hakimu. Nikachuchumaa, mgongo sawa, alivyotufundisha Sista Baaba. Nikainua. Nikatembea navyo hadi mimbarini na kurudi. Vigelegele!

Ekua hakuamini, akataka kujaribu. Kimoja kikamponyoka, kifuniko kikaruka. Nikafumba macho, nikajiona tayari Tema. Kilichomwagika ni mchanga. Mchanga mtupu!

Ekua kanikumbatia, machozi yanamtoka. "Mama, kaa nyumbani kwako," akasema. "Hata mimi sikuwezi."

Nilifurahi mpaka nikasahau kupumua. Kisha nikamwona Twumwaa anaangalia dari. Alipokwenda kurudisha vidumu, nikamfuata stoo.

"Dada Araba, nilionja kijiko kimoja tu," akasema. "Basi tena, maharage yakakataa kushuka bila ule unga wako. Kila nilipochota, nikajazia mchanga usijue."

Jumapili, 27 Aprili
Mwizi! Ibada nzima nimemkazia macho mgongoni. Vidumu viwili vya unga mzuri, vyote tumboni mwake! Eti Sista Baaba, aliyekwisha kuambiwa yote na Twumwaa, anasema nimshukuru, kwani kaniongezea uzito kidogo kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Nimshukuru! Nyumba yangu imebaki kwa akili zangu mwenyewe. Kunyanyua mchanga kwa umri huu? Kungeniua. Kilichoniponya ni ule muhogo, hata kwa kuushika tu.

Kesho narudi mazoezini. Vidumu nimeshavijaza unga mpya, nimeukaanga mwenyewe mchana huu. Na pilipili nimeitia ya kumtosha Twumwaa.