Cheche Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Voi,
Machi 1987

Kwa Mhandisi wa Nyaya za Ardhini

Bwana Mhandisi,

KUH: KOMPYUTA YAKO KUMSINGIZIA MAMA MKWE WANGU

Natumaini u mzima na taa za kwako zinawaka. Mimi ni Silvanus Mwakio, karani wa mizigo hapa Voi, na si mtu wa kulalamika.

Jumatatu iliyopita fundi wako, Bwana Musyimi, alifika mtaani kwetu na gari lenye kompyuta. Alitueleza kwa upole kwamba waya mkubwa uliozikwa hapa, ule unaopeleka umeme kwenye pampu ya maji, umeanza kutoa cheche ndogondogo ndani ya ganda lake. Zikiachwa, waya utapasuka na mji ukose maji. Programu ya kompyuta huzisikiliza cheche hizo, kisha hupiga hesabu ijue zilipo. Sote tulifurahi. Programu ikapiga hesabu, na jibu likawa chini ya kitanda cha jirani yangu Mama Tryphena, ambaye ndiye aliyemzaa mke wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta haikubisha hodi. Mama Tryphena ni mjane, tena mwenyekiti wa akina mama kanisani. Tangu mzee aage dunia, hakuna mwanamume aliyetazama chini ya kitanda kile. Kompyuta ilitazama ikiwa barabarani.

2. Bwana Musyimi alipoomba kuchimba, Mama alimjibu, "Mwanangu, mimi sina cheche." Naye akasema programu haikosei. Mimi nimeoa miaka mingi na sijawahi kuthubutu kusema neno kama hilo. Kitanda kilitolewa nje, mtaa mzima ukaona shuka, sakafu ya udongo ikafukuliwa kidogo, kisha fundi akasema vifaa vimepungua, anavifuata Mombasa. Shimo liko wazi hadi leo.

3. Mama amehamia kwangu. Bwana, sijui desturi za kwenu, lakini kwetu sisi Wadawida wa Taita mtu hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala hawapishani mlangoni. Nyumba yangu ina mlango mmoja. Kwa hiyo natumia dirisha. Dirisha ni dogo na mimi si mdogo. Mke wangu, Wakesho, husukuma.

4. Chakula naletewa kwenye banda la kuku. Jogoo hakupendezwa, akahamia sebuleni, na Mama amempokea vizuri kuliko alivyonipokea mimi siku ya posa.

5. Mkubwa wangu kazini aliniuliza mbona koti langu lina manyoya. Nikamweleza habari ya cheche, kitanda na dirisha, kwa utaratibu huo huo. Amenipa likizo ya ugonjwa.

Kwa sababu hizo naomba kompyuta ije yenyewe imtake Mama radhi, bila kumtuma fundi. Ikiwa haina mdomo, iandike kwenye kioo chake, kwa herufi kubwa, maana Mama haoni vizuri. Halafu ipige hesabu upya, na safari hii ipate jibu chini ya kitanda cha mtu mwingine. Napendekeza Bwana Katuku, ambaye hajaoa na hakuna mtu wa kumhamia.

Wasalimie wote ofisini, Bwana Musyimi akiwemo, na watu wa nyumbani kwako, na mama mkwe wako kama kuna mtu wa kumfikishia salamu.

Ni mimi wako mtiifu, bandani,
Silvanus Mwakio

N.B. Wakesho amemsomea Mama barua hii kabla sijaifunga. Mama ameipenda sana. Ila amekumbuka kwamba wakati wa Krismasi kitanda kilikuwa kikiyumba, akapigilia nondo ndefu ardhini ili akifunge hapo. Nondo iligota kitu laini, kikamfokea. Akadhani ni nyoka, akaongeza nyundo. Tafadhali Bwana Musyimi arudi leo hii. Mama anasema mkiipata nondo yake mwiache hapo hapo, kwa sababu ndiyo iliyokituliza kitanda.