Wema wa Kwao

Jumatatu, 4 Machi
Fitina imeingia madrasani, tena imepitia nyumbani kwangu! Shemeji, mdogo wa mke wangu, aliletwa afundishe watoto wakubwa. Sasa anawamezea mate wanafunzi wangu wadogo. Eti mtoto afundishwe dini kwa mambo anayoyaona kwao. Miaka kumi na moja nafundisha ukarimu kwa kisa cha ngamia na msafiri, nani amelalamika? Mwenyekiti wa kamati atakuja Jumamosi na wazazi, waamue nani abaki na wadogo. Nikinyang'anywa wale watoto, asubuhi nitaamkia wapi?

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza Kibogoyo, wa miaka mitano, ngamia ni nini. Akajibu ni jina la ustadhi wa zamani. Lo!
Basi, dawa ya moto ni moto. Nitamwibia shemeji mbinu yake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewaagiza watoto walete mifano ya wema wa kwao. Mke wangu akauliza kama nitaisikiliza kwanza. Nikamwambia mtoto hasemi uongo. Akaguna. Mguno ule sikuupenda.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejipalia makaa! Wazazi wamejaa mikekani. Nikauliza: mgeni akibisha hodi, kwenu mnafanyaje? Binti wa fundi cherehani akasema wanazima redio na kunyamaza mpaka aondoke. Mjukuu wa mwenyekiti akasema babu hukimbilia chooni, akimwagiza yeye aseme babu kasafiri. Mwenyekiti akapaliwa na mate. Shemeji kajifunika ushungi, mabega yanatikisika. Nikajua nimekwisha.
Mara Kibogoyo akasimama, wala sikumwita. Akasema siku aliyojikojolea darasani, ustadhi alimwaga birika la maji makusudi pale pale, akawaambia wenzake mikono ya mzee imelegea, ili wamcheke ustadhi, si mtoto.
Siri yetu! Nilitamani ardhi inimeze. Mama yake akalia waziwazi. Mwenyekiti akasema wadogo watabaki kwangu. Wa kwanza kuunga mkono alikuwa shemeji. Nililia kidogo. Vumbi.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa nini nimeshinda. Ni kanzu niliyoipiga pasi mara mbili, na sauti yangu. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Shemeji anaomba tufundishe pamoja. Mtego huo! Kibogoyo nimemsamehe. Ila nimemwonya: siku nyingine wageni wakija, asilete mambo ya upuuzi, aniache nifundishe wema.