Mbuzi Watatu na Namba Isiyogawanyika

Jumatatu, 3 Machi
Mutheu amekubali. Babake hajakubali. Mwalimu Mativo wa Buruburu, mstaafu wa hesabu, amekataa mbuzi wangu watatu wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa, msichana ni wako. Kwanza nimletee namba ya tarakimu sita kwenda juu, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Anataka mkwe mwenye kichwa. Mutheu anasema babake huwapima hivyo hata mafundi wa bomba. Lakini mbuzi nimeshawanunua! Wako kwenye veranda yangu mtaani Tena, ghorofa ya tatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka 111,111. Moja tupu, nani atazigawanya? Mzee kaipasua chai haijapoa: tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, thelathini na saba. Akauliza nilifundishwa na nani. Nikasifu chai.
Mbuzi mmoja amekula pazia.

Alhamisi, 6 Machi
Leo hakuna mchezo. 1,000,001. Nimeigawanya ofisini tangu saa mbili: kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, bila kuruka. Bosi amenisifu kwa bidii. Hakuna namba iliyoingia. Kufika mia moja nikaweka kalamu chini. Mia yatosha, mimi si punda.

Ijumaa, 7 Machi
Mia na moja. Mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja! Mzee hata kalamu hakushika. Na kwenye kiti changu alikaa nani? Amolo, jirani yangu anayefanya kazi reli, anatafuna njugu za Mutheu. Akanipa pole. Sikuomba pole. Nimeumia, nakubali.
Wacuka, anayetunza ploti yetu, amesema mbuzi wakibaki hadi kesho jioni, mimi na wao tutahama pamoja.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu hamtupi mja wake. Amolo amebisha hodi, anataka mbuzi, tena wote watatu. Hakubishana bei. Mjinga kabisa. Nimemsaidia kuwashusha ngazi, nikamfungia na kamba.

Jumapili, 9 Machi
Amolo alipeleka 999,983. Mwalimu aliigawanya tangu watu watoke kanisani hadi saa kumi na mbili. Ikamkatalia. Kisha akapokea mbuzi. Mbuzi wangu! Mutheu alikuwa akitabasamu, wanasema. Sijala kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelala nikawaza. Mutheu ana mdogo wake, Mbeti, na Mbeti juzi alinisalimia vizuri sana. Mbuzi watatu wapya wameshafika verandani, Wacuka yuko sokoni. Namba nayo ipo. Nimechukua ile ya Amolo, iliyomshinda mzee siku nzima, nikaizidisha kwa yenyewe. Imetoka 999,966,000,289. Kama moja ilimtoa jasho, mbili zikishikana atazigawanya na nini? Naenda Buruburu saa tisa.