Nilivyomtafuta Maître wa Kiwanja cha Keshero

Jumatatu, 4 Septemba

Kiwanja kimepatikana! Keshero, hapa hapa Goma. Nyumba ya mbao, ukuta wa mawe ya volkano upande wa barabara, na ukipanda juu ya ndoo unaliona ziwa. Nilipanda. Nimeliona.

Mwenyewe ni Mama Rosine, mjane, mwimbaji wa kwaya. Anahamia Butembo kwa binti yake. Alipotaja bei nilikunja uso, kama inavyotakiwa. Umwiza, mke wangu, hakukunja kitu. Alilia kwa furaha papo hapo na kuharibu biashara yangu yote. Simlaumu sana. Tangu tuoane tunapanga nyumba mtaa wa Mabanga, na mwenye nyumba wetu hutufungia bomba kila akiamka vibaya. Umwiza amesema hatahamia tena nyumba ya mtu. Kiwanja hiki au basi. Nikikipoteza, sijui nitalala wapi, na sizungumzii paa.

Ana sharti. Nisiguse kalamu kabla mwanasheria hajaangalia. Amenitajia wakili, Maître Henriette Mukamugema wa mtaa wa Mapendo, aliyewasimamia dada zake. Wazo la mwanasheria nimelipokea. Jina nimelikataa. Baba wa familia hachaguliwi mwanasheria kama mtoto anavyochaguliwa shati la Krismasi. Nitachagua mwenyewe, kwa kanuni. Kanuni yangu ni hii: mwanasheria ni sauti.

Jambo moja linanikera. Édouard, muuza magodoro anayetazamana na duka langu la rangi na misumari, ameonekana Keshero leo. Alikuwa anatabasamu. Mtu hatabasamu Keshero bila sababu.

Jumanne, 5 Septemba

Asubuhi nzima chini ya dirisha la mahakama, nikisikiliza sauti. Nyingi dhaifu. Moja ilikohoa zaidi ya kusema. Halafu, Maître Gauthier! Vioo vililia. Mlinzi aliyekuwa anasinzia alisimama wima na kupiga saluti bila kujua kwa nani. Nikasema moyoni: huyu ndiye.

Nilimfuata hadi ofisini. Mtu mkubwa. Viatu vinang'aa, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mezani mihuri iliyopangwa kama wanajeshi, na mmoja ni mkubwa kuliko ngumi yangu. Akaniuliza adui yangu ni nani. Nikamweleza kwamba sina adui, ninanunua kiwanja kwa mjane. Alisikitika waziwazi. Lakini hakukata tamaa, maana akasema kiwanja kisicho na adui bado hakijaonekana hapa Goma, tumpe muda tu, atajitokeza. Nikauliza kama atakwenda kukiona. Akanyanyua mguu, akaniacha nikitazame kiatu, akanikumbusha mawe ya Keshero yalivyo. Nilielewa. Kiatu kama kile hakipelekwi kwenye volkano.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimependa. Umwiza alikuwa anachambua sambaza, dagaa wa ziwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimekwenda kununua kiwanja au kununua ugomvi. Wanawake hawajui sauti.

Jumatano, 6 Septemba

Nimekwenda kwa Maître Henriette. Kwa haki tu, ili baadaye nikisema hapana, iwe hapana ya mtu aliyepima.

Ofisi juu ya duka la dawa. Ndogo. Sauti ya chini, ilibidi nisogeze kiti. Muhuri sikuuona hata mmoja. Alama sifuri, nikajisemea. Kisha akaanza kuuliza. Karatasi zina jina la nani? La marehemu mume wa Mama Rosine. Marehemu aliacha ndugu? Sijui. Ndugu hao walishirikishwa? Sijui. Jirani wa kushoto ni nani? Niliona mbuzi. Jirani wa kulia? Sikuangalia, nilikuwa juu ya ndoo.

Hakunicheka. Nilingoja anicheke, hakucheka. Nikamwuliza lini ataandika mkataba. Akajibu:

“Papa Josias, miye siendake kwa karatasi kwanza. Ninaendaka kwa majirani. Karatasi inasemaka kile mutu alitaka iseme. Jirani anasemaka kile aliona.”

Nyuma ya mlango wake mna mabuti ya mpira yenye vumbi jeusi la volkano. Anayavaa mwenyewe, anatembea mwenyewe, anakaa uani kwa watu mpaka wamalize kusema. Nakiri nilivutiwa kidogo. Lakini mabuti si sauti. Nikamwambia nitafikiri.

Wakati nafikiri, msiba! Jioni chukudu, baiskeli ile ya mbao ya kubebea mizigo, imepita mbele ya duka langu ikishuka kuelekea Keshero, na juu yake godoro jipya ndani ya plastiki. Nikamwuliza msukumaji linakwenda kwa nani. Kwa Mama Rosine, zawadi ya Papa Édouard. Godoro! Mimi nilimpelekea mjane sukari. Sukari haina nguvu mbele ya godoro.

Alhamisi, 7 Septemba

Leo nimejithibitishia kwamba akili ni mali.

Kila mtu hapa anajua maneno yale ukutani. Ukisafiri, ukiumwa, ukiwa na shemeji mwenye tamaa, unaandika kwa herufi kubwa mbele ya nyumba yako kwamba parcelle, yaani kiwanja, haiuzwi, ili tapeli asiiuze ukiwa mbali. Nusu ya kuta za mji zimeandikwa hivyo. Mnunuzi akiyaona, anageuza pikipiki. Hasubiri maelezo. Ananusa kesi, anakimbia.

Na nani anauza rangi? Mimi.

Saa ya mazoezi ya kwaya, Mama Rosine hayupo. Nikavaa kofia yangu ya buluu, nikachukua rangi nyekundu, ile ghali ambayo mvua haiiwezi, nikaandika kwenye ukuta wake: HII PARCELLE HAIUZWI. Herufi nzuri! P ilitoka kama ya kiwandani. Jirani mwenye mbuzi alipita, akanisifu kwamba ni vizuri familia imeamka. Nikamshukuru. Mwingine akanishikia kopo.

Sikungoja sana. Édouard alikuja na pikipiki, akasoma, akasoma tena, akageuza. Nilikuwa nyuma ya migomba ya jirani nikicheka ndani ya kofia. Kiwanja ni changu! Baada ya kusaini nitayafuta mwenyewe, kwa rangi yangu, bure. Mtu mwema.

Ijumaa, 8 Septemba

Mambo yameharibika.

Kumbe Umwiza alikwisha kumkabidhi Maître Henriette kazi tangu jana. Bila kuniuliza! Na leo asubuhi Maître amefika Keshero na mabuti yake kukaa na majirani. Akaukuta ukuta. Akagusa rangi. Akasimamisha kila kitu.

Nilifika nikikimbia, Umwiza nyuma yangu. Akanieleza, kwa sauti ile ile ndogo, kwamba maneno haya hayaandikwi na upepo. Kuna mtu mwenye haki hapa ambaye hajakubali. Mpaka apatikane, yeye hasaini, na atamshauri mke wangu asisaini. Mama Rosine alikaa kwenye godoro jipya, bado lina plastiki, analia. Anasema ni Muzee Twagirimana, kaka wa marehemu, anayeishi Mapendo. Hawajasalimiana tangu mazishi. Sasa ameanza vita, na yeye Mama Rosine Butembo haendi tena, atakufa na ukuta wake.

Jirani mwenye mbuzi akatoa ushahidi. Mwandishi alikuwa mwanaume, si mrefu, kofia ya buluu. Nikaivua polepole, nikaikalia.

Njiani Umwiza alitembea mbele yangu. Alitazama ziwa tu. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Mchana nikakimbilia kwa Maître Gauthier, sauti iokoe jahazi. Nikamweleza kuhusu maandishi. Alifurahi mno! Adui amejitokeza, kama alivyotabiri. Mkataba ataandika leo leo, bila kwenda popote, na mchoraji wa ukuta atamshitaki hadi ajute kuzaliwa. Alisimama. Akamwita mchoraji huyo nyoka, mnyang'anyi wa wajane, aibu ya mkoa. Vioo vikalia tena. Alisema vizuri kiasi kwamba nilimchukia mchoraji kwa moyo wangu wote, na nikaikubali kesi kwa kichwa. Nilipofika chini ya ngazi ndipo nilipotambua kwamba nimeajiri mwanasheria anishitaki.

Nikapanda tena kumwambia nimeghairi. Hakunielewa. Alidhani nimetishwa. Akanipa moyo.

Jumamosi, 9 Septemba

Kikao uani kwa Mama Rosine. Maître Henriette ameketi kwenye kiti cha mtoto, mabuti miguuni, daftari limefungwa. Muzee Twagirimana alikuja na fimbo na hasira. Akaapa kwamba hakuandika kitu. Halafu akasema, akitetemeka, kwamba kama angekuwa na rangi angeandika. Mawe ya ukuta ule waliyabeba yeye na mdogo wake, kwa mabega. Leo unauzwa na hakuna aliyemwuliza hata kwa salamu.

Nilidhani Maître atamtolea sheria. Hakutoa. Alimwomba asimulie ukuta ulivyojengwa. Basi! Swali hilo tu. Muzee akasimulia: jiwe lililomponda kidole, mdogo wake akiimba, Mama Rosine akileta maharage. Mama Rosine akasahihisha kwamba ilikuwa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wakabishana kuhusu sombe, wakacheka, halafu wote wawili wakalia. Mwisho muzee mwenyewe akaomba kalamu akubali kwa maandishi. Sijaona kitu kama kile mahakamani. Mwanamke huyu hana sauti, lakini watu wanasikia. Nilijivuna naye kama vile nilimchagua mimi.

Nikataka kupiga makofi. Akanivuta pembeni, nyuma ya jiko.

“Papa Josias, ule muzee hakuandika. Rangi ya ukuta iko ku kucha zako.”

Niliweka mikono mfukoni. Nimechelewa.

“Utamuambia Mama Rosine weye mwenyewe, sasa hivi, mbele ya bote. Nikimuambia miye, sitakuwa tena avocat wenu.”

Nikajitetea kidogo kwamba bila rangi yangu muzee asingeitwa, kwa hiyo kwa namna fulani nimesaidia sheria. Akanijibu kwamba jina la muzee alilipata kwa majirani Ijumaa kabla kikombe cha kwanza cha chai hakijaisha, na alikuwa amepanga kumtembelea taratibu, bila mtu kulia.

Nikasema. Mbele ya wote. Jirani mwenye mbuzi alisema alijua, kofia ilikuwa ile ile. Muzee alishika fimbo vizuri zaidi. Sikumtazama Umwiza. Nilikuwa naona aibu, na niliona nyumba yetu inaondoka, na ni mimi niliyeifukuza.

Mama Rosine aliutazama ukuta wake. Akamgeukia Maître.

“Kiwanja nitauzisha kwa mama. Kwa papa, hapana.”

Jumatatu, 11 Septemba

Tumesaini kwa notaire, mthibitishaji wa mikataba. Yaani, wamesaini. Mnunuzi: Umwiza. Muuzaji: Mama Rosine. Kwa upande wa familia ya marehemu: Muzee Twagirimana, kwa mwandiko mzuri sana wa shule ya zamani. Mimi nimesaini kama shahidi, chini, baada ya jirani mwenye mbuzi.

Maître alisoma kila mstari kwa sauti, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kila mstari alisimama kuuliza kama kuna asiyeelewa. Mama Rosine aliuliza mara nyingi. Kila mara alijibiwa kama vile ni mara ya kwanza. Nje ya mlango Umwiza alimkumbatia Maître, kisha Mama Rosine, kisha muzee. Mimi nilishikishwa begi.

Édouard ameninyima salamu leo. Halafu akaja dukani, akanunua msumari mmoja na kuniuliza, kwa upole wa kinafiki, nyumba ya mke wangu ina vyumba vingapi.

Jumamosi, 16 Septemba

Tumehamia! Mchana kutwa chukudu zinapanda na kushuka. Ukuta nimeusugua kwa brashi ya chuma, chini ya usimamizi wa Muzee Twagirimana aliyekuja na kiti chake. Rangi ile kweli mvua haiiwezi. Ni bidhaa nzuri.

Jioni Umwiza alivua viatu, akatembea kiwanja chote, taratibu, kwenye mawe yale makali, akigusa ukuta kwa kiganja. Alipofika bombani akafungua maji. Akayaacha yatiririke bila kuchota kitu, mpaka akaridhika. Kisha akaniita kwa jina la binti yetu. Akasema, “Papa Bénie, kuya. Ni kwetu.” Hakusema ni kwake. Alikuwa na haki ya kusema. Nililia, na siandiki hili kwa utani. Nikamwahidi kwamba ujanja nimeuzika. Nikaapa, na kiapo kilikuwa cha kweli, kilitoka tumboni.

Nikabaki peke yangu uani nikiushukuru mji huu kwa kumzaa Maître Henriette. Mtu mwerevu, mwaminifu, mwenye subira. Nataka binti yetu awe kama yeye. Kama kungekuwa na mawakili wengi wa aina ile, hata mimi ningekuwa mtu mwingine, na nadhani tayari nimekuwa.

Ndipo nikaona mpaka wetu na mwenye mbuzi. Si ukuta. Ni minyaa tu, imepandwa mstari. Mti ule hauna shida: unakata tawi, unalichomeka hatua moja mbele, linashika. Lile la nyuma linaweza kukauka lenyewe, hasa likisaidiwa. Jiko la Umwiza lingepata nafasi nzuri, na angefurahi mno. Mbuzi hawatoi ushahidi.

Jumatatu nitapita Mapendo kumwuliza Maître, kwa ujumla tu, kama sheria inasema chochote juu ya miti inayotembea. Nitaosha kucha kwanza.